Ukope Uliogeukia Ndani

Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania inayonyeshewa mvua nyingi kabisa, yapata milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa kuwa Ziwa Victoria huiletea nchi hiyo unyevu hata katika miezi ambayo nyika za Dodoma na Singida zimekauka zikawa vumbi tupu, msomaji aliyejifunza vitabuni kwamba maradhi ya kope hupenda ukame angetazamia kwamba katika vibanja vya migomba na mibuni, tangu Bukoba mpaka Muleba, asingemkuta mtu ambaye nywele za ukope wake zimekuwa adui wa jicho lake mwenyewe. Angekuta kinyume. Mzee aliyeketi barazani hali amelikunja jicho moja, leso mkononi, chozi likimchirizika shavuni pasipo msiba wowote, si nadra kuonekana huko, na aghalabu akiulizwa hana jawabu ila kwamba hayo ni macho ya uzee, kisha hupangusa tena na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kahawa. Muradi wa makala haya ni kumweleza mzee huyo, au mjukuu wake atakayemsomea, kwamba ugonjwa wake ni wa umbo la ukope wala si wa jicho, na kwamba ndiyo maana chupa zote za matone alizokwisha kununua katika maduka ya dawa hazikumfaa kitu.

Kila ukope una ndani yake kibamba cha nyama ngumu kinachoupa umbo. Kile cha ukope wa juu kina kimo cha milimita 10 hivi, na cha ukope wa chini ni kifupi, milimita 4 au 5 tu, na kwa ufupi huo huyumba upesi zaidi. Ukingoni mwa kibamba nywele zimepandwa kwa mpango wa ajabu, zote zikielekea mbele na nje, zipate kuzuia vumbi na jasho pasipo kuligusa jicho. Ukingo ukijipindua kuelekea ndani, nywele zile zile zilizowekwa kuwa walinzi huelekezwa kwenye kioo cha jicho, ambacho unene wake katikati ni kama nusu milimita, na ambacho ni katika viungo vya mwili vilivyojaliwa mishipa mingi mno ya fahamu. Mtu hupepesa macho yapata mara 15 kwa dakika. Aliye macho kwa saa 16 hupepesa zaidi ya mara 14,000 kwa siku, na ikiwa ni nywele moja tu iliyogeuka, basi mara zote hizo inapita juu ya kioo na kukikwaruza. Mwanzoni mgonjwa husema jicho lina mchanga. Halafu huja wekundu, machozi, tongotongo za asubuhi na kuchukia mwangaza wa jua. Na mikwaruzo ikiingiwa na vijidudu huwa kidonda, na kidonda kikipona huacha chamba cheupe kisichopenyeka kwa nuru. Hapo mwenye jicho huanza kuona ukungu, na ukungu huo hauondoki tena hata nywele zikiondolewa.

Aina iliyo ya kawaida kabisa kwa wazee, popote duniani, ni ile inayoushika ukope wa chini kwa sababu ya umri. Ukope huo umetundikwa kwa kano mbili, moja upande wa pua na moja upande wa sikio, mfano wa kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa baina ya nguzo mbili, na kwa kupita miaka kamba hiyo hulegea. Kulegea peke yake kusingetosha kuupindua. Lakini ziko pia nyuzi nyembamba zinazouvuta ukope chini na nyuma ili usimame wima, nazo kwa uzee huachana na kibamba. Na msuli wa duara unaoyafumba macho, ambao sehemu yake ya chini ilipaswa kukaa mahali pake, hupanda juu na kuusukuma ukingo. Mambo hayo matatu yakikutana, ukope hujiviringa ndani mzima mzima, na nywele zote hupotea machoni pa mtazamaji, hata mtu asiye mzoefu akadhani mzee huyo hana nywele za ukope wa chini.

Ajabu ya aina hii ni kwamba huja na kwenda. Asubuhi mzee huamka mzima, akala ndizi zake na kutoka kwenda kibanjani. Mchana jua au moshi wa jikoni humfanya afumbe macho kwa nguvu, na ukope hugeuka. Ukisha kugeuka, nywele humchoma, naye kwa kuchomwa hufumba kwa nguvu zaidi, na kwa kufumba ukope hukazika ndani zaidi. Nimesikia watoto wakimtilia shaka mzazi wao kwamba anajifanya, kwa sababu kila walipomtazama jicho lilikuwa salama, nao hawakujua kwamba kumtazama tu haitoshi. Mtabibu humwambia mgonjwa afumbe macho kwa nguvu zake zote kisha ayafumbue polepole, na ugonjwa uliojificha hujitokeza. Kadhalika huuvuta ukope wa chini kwa kidole kuelekea shavuni na kuuachia: ulio mzima hurudi mara moja, na uliolegea hubaki ukining'inia mbali na jicho hata mgonjwa apepese. Jaribio hilo la pili halina gharama wala halihitaji chombo, na mjukuu mwenye mikono safi anaweza kulifanya nyumbani.

Ukope wa juu una habari nyingine. Ukigeuka ndani huo, fikira ya kwanza ya tabibu wa Afrika Mashariki huwa ni vikope, yaani trakoma, ugonjwa unaoletwa na kijidudu kiitwacho Klamidia trakomatisi na kuchukuliwa kwa vidole, kwa nguo za kupangusia na kwa nzi watuao kwenye tongotongo za watoto. Aambukizwaye mara moja akapona hapati dhara kubwa. Aambukizwaye tena na tena tangu utoto, ngozi laini ya ndani ya ukope wake wa juu hujaa makovu, na kwa kuwa ni tabia ya kovu kunywea, huuvuta ukingo ndani kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata mtu akafika utu uzima ndipo nywele zianze kumchoma, wakati ambapo hakumbuki hata kwamba alipata kuugua macho. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kwani ndio washindao na watoto. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, imekuwa mashuhuri kwa waganga wa dunia nzima kwa sababu ya ugonjwa huu: tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wameuchunguza huko, na mwaka 1995 yalitangazwa matokeo kwamba vijiji vilivyohimizwa kuwanawisha watoto nyuso, pamoja na kupewa dawa ya macho, vilipata nafuu ya trakoma kali kuliko vilivyopewa dawa peke yake. Mwaka 1999 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kugawiwa azithromaisini ya msaada ya kunywesha vijiji vizima.

Mwambao wa Bukoba haukujulikana kuwa ngome ya vikope kama nyika hizo. Hata hivyo watu hawakai walipozaliwa: wafugaji huhama na mifugo yao, wanawake huolewa mbali, watumishi wa serikali hupangiwa vituo; na kovu la ukope husafiri na mwenyewe. Kwa hiyo tabibu wa Muleba hupaswa kumwuliza mgonjwa wake alikulia wapi, na kuupindua ukope wa juu autazame upande wa ndani, jambo la nusu dakika linalorukwa na wengi wenye haraka. Majirani wa Kagera wameonyesha kwamba ugonjwa huu waweza kukomeshwa: Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Burundi, inayopakana na wilaya ya Ngara, kuwa imeutokomeza usiwe tena tatizo la afya ya jamii.

Iko sababu ya tatu, ambayo kwa historia ya mkoa huu haifai kupitwa. Kagera ndiko walikotangazwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu wengi walitumia kwa muda mrefu dawa zenye salfa, na baadaye nevirapini, ambazo baadhi ya miili huzikataa kwa namna ya kutisha: ngozi huungua na kuchubuka, midomo na macho kadhalika, na aliyeokoka huweza kubakiwa na makovu ndani ya kope yanayozivuta ndani, juu na chini. Mkanda wa jeshi, unaowaandama wenye upungufu wa kinga, nao ukishika paji la uso huweza kuacha ukope ulioharibika. Aliyepata kuungua hivyo na jicho lake likawa kavu na jekundu asihesabu kuwa ni mabaki ya ugonjwa uliokwisha. Ni mgonjwa wa leo, na kope zake ni ngumu kutibika kuliko za aina mbili nilizotaja. Kwenye kundi hili waingie pia waliomwagikiwa chokaa au tindikali, na wale waliotiwa majani yaliyopondwa machoni. Juu ya majani nasema wazi kwamba sijui mmea wowote unaoweza kuunyoosha ukope, na najua ya kuwa utomvu wa mimea mingi huliunguza jicho.

Sasa nije kwenye kibano. Ingia kwenye nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, saa za jioni kabla jua halijazama, na huenda ukamkuta bibi amekaa mlangoni kufuata mwanga, kichwa amemlazia mjukuu mapajani, na msichana yule, mwenye vidole vilivyozoea kuwatoa senene mbawa na miguu, anazitafuta nywele moja moja na kuzing'oa. Bibi hasemi kitu. Kila unywele ukitoka hupumua. Usiku huo hulala usingizi mzuri. Baada ya majuma machache nywele huota tena, na zile zilizokatika badala ya kung'oka huwa zimeacha vishina vifupi vikavu, ambavyo huchoma kuliko unywele mrefu unaopinda. Kazi hii ni ya kale mno. Karatasi la tiba la Misri linaloitwa Ebers, lililoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, limetaja dawa za kupaka ili unywele uliong'olewa usirudi, na Ali ibn Isa wa Baghdadi, aliyekuwa tabibu wa macho takriban miaka elfu moja iliyopita na ambaye kitabu chake kilisomwa kwa karne nyingi na waganga wa Kiarabu na wa Ulaya, alizishughulikia nywele zinazochoma jicho miongoni mwa maradhi zaidi ya mia moja aliyoyaeleza.

Nisiidharau kazi ya kibano. Utafiti uliofanywa Ethiopia kwa watu wenye nywele chache tu zilizogeuka uliona kwamba waliozing'oa vizuri na kwa kurudia, kwa vibano vizuri walivyopewa na kwa msaidizi aliyefundishwa, hawakupoteza uoni kuliko waliopasuliwa katika muda wa miaka miwili. Kwa hiyo mwenye nywele mbili tatu, au aliyekataa kisu, au anayengojea zamu yake, na ang'olewe, ilimradi kibano kiwe safi, ncha zake zikutane sawasawa, na mwenye kung'oa awe na macho makali. Lakini ukope mzima ukiwa umejipindua, kibano hakiwezi kuurudisha.

Kisu ndicho tiba. Naandika neno hilo nikijua linavyowatisha watu, maana wapo mpaka leo wanaosadiki kwamba daktari wa macho hulitoa jicho, akaliweka sahanini, akalisafisha na kulirudisha. Jicho halitolewi kamwe, na katika operesheni ya ukope kisu hakiingii ndani ya jicho hata kidogo. Hufanya kazi kwenye ngozi, msuli na kibamba cha ukope peke yake. Mgonjwa hachomwi sindano ya usingizi. Huchomwa ya ganzi kwenye ukope, ambayo kwa kweli inauma kwa muda mfupi, na baada yake husikia kuvutwa-vutwa tu huku akizungumza na watabibu. Kwa kawaida kazi ya ukope mmoja haizidi saa, akarudi nyumbani siku ile ile.

Kwa ukope wa chini uliolegea kwa uzee njia ziko nyingi, na nyepesi kupita zote ni ya nyuzi tatu hivi zinazopitishwa kutoka ndani ya ukope mpaka ngozi ya nje na kufungwa huko, zikaulazimisha ukingo kutazama mbele. Humchukua mtabibu dakika chache, na yafaa kwa mzee dhaifu asiyeweza kustahimili zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haikazi kamba iliyolegea, kwa hiyo kwa wengine ukope hurudi ndani baada ya miezi au miaka. Wataalamu wanaotaka kazi idumu huongeza ya pili: hukata upande wa sikio, hufupisha ukope kwa kiasi kilicholegea, na kuushona upya kwenye mfupa wa tundu la jicho. Pamoja, njia hizo mbili zina matokeo mazuri kuliko moja peke yake. Kabla ya siku ya operesheni, mtu asikae na maumivu bure: plasta nyembamba ya hospitali, ikibandikwa ncha moja chini tu ya ukope na nyingine ikivutwa mpaka shavuni, huushikilia ukope nje, na marhamu ya kulainisha ikitiwa usiku hukikinga kioo cha jicho. Vyote viwili ni vya kusubiria.

Ukope wa juu wenye makovu hutaka kazi nyingine. Tangu zamani waganga walikuwa wakipunguza ngozi ya nje ya ukope ili kuuvuta ukingo juu, na maradhi yalikuwa yakirudi. Ilikuwa Omani, nchi ambayo wasomaji wetu wengi wana ndugu, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 namna kadhaa za operesheni zililinganishwa kwa wagonjwa wa trakoma, na ikadhihirika kwamba iliyo bora ni kukikata kibamba kwa upana, milimita chache juu ya ukingo, pamoja na ngozi yake, kisha kushona ile sehemu ya chini ikiwa imegeuzwa nje. Shirika la Afya Duniani likaifundisha dunia njia hiyo, na Omani yenyewe mwaka 2012 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa nalo kuwa imetokomeza trakoma. Iko njia nyingine inayokata kibamba kwa upande wa ndani tu pasipo kupasua ngozi. Mwaka 2016 uchunguzi wa Ethiopia uliiona kuwa na marejeo machache zaidi. Kwa mgonjwa kilicho muhimu kuliko jina la njia ni mkono wa anayeifanya, kwani marejeo hutofautiana sana baina ya mpasuaji na mpasuaji, wala si utovu wa adabu kumwuliza amekwisha kufanya operesheni ngapi za namna hiyo.

Mwenye jicho la namna hii aanzie wapi? Wa Bukoba aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na wa Muleba kwenye hospitali iliyo karibu naye, iwe Rubya, Ndolage au Kagondo, aulizie siku ya mtaalamu wa macho, kwa maana zipo siku ambazo hayupo na safari huwa ya bure. Jambo lililozidi uwezo wa huko, na hasa makovu yatokanayo na kuungua kwa dawa, hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo watu wa Kagera huifikia kwa barabara au kwa meli ya usiku itokayo Bukoba ikapitia Kemondo. Mgonjwa asisafiri peke yake, kwani atarudi jicho limefungwa. Pia nimeona wazee wakiahirisha mpaka kahawa imalizike kuchumwa. Ikiwa uoni haujaguswa, majuma machache hayadhuru, lakini jicho lililokwisha kuuma kwa mwanga na kuonyesha doa jeupe halina ruhusa ya kungojea msimu.

Baada ya operesheni kitambaa hutolewa kesho yake. Ukope utakuwa umevimba na kuwa mwekundu, na baadhi ya wagonjwa huuona umegeuka nje kupita kiasi wakadhani wameharibiwa. Mtabibu hufanya hivyo makusudi, kwa sababu kovu likikauka litauvuta ndani kidogo. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14. Waliopasuliwa kwa ajili ya vikope hupewa azithromaisini mara moja, ambayo huko Ethiopia ilipunguza marejeo kwa kadiri ya theluthi moja. Kisha mgonjwa hurudi kutazamwa baina ya mwezi wa tatu na wa sita, na ziara hiyo ndiyo wazee wengi huiacha kwa kuwa jicho halichomi tena, ilhali marejeo mengi huanza ndani ya miezi hiyo sita, kwa unywele mmoja pembeni ambao mwenyewe bado hajausikia.